Nairuzi: sikukuu isiyotulia kwenye kalenda

Sikukuu za serikali hazina shida. Mapinduzi ni 12 Januari, Muungano 26 Aprili, na skuli zinajua mapema. Idi inasubiri mwezi uandame, kwa hiyo kila mwaka hutangulia kwa siku 11 hivi. Unguja na Pemba wana na ya tatu, isiyofuata mwezi wala Januari: Nairuzi, au Siku ya Mwaka. Kusini Unguja wanaiita Mwaka Kogwa.

Neno lenyewe ni la Kiajemi, lina maana ya siku mpya. Lakini Waajemi husherehekea yao mwezi Machi, na ya kwetu huangukia Julai. Hakuna aliyekosea, tunahesabu tofauti.

Mwaka wa wazee una siku 365, basi. Siku zinafungwa kumi kumi, na kila kumi ni mwongo. Miongo 36 inafanya siku 360, na zile tano za mwisho zinaitwa gatha. Leo ukisema "miongo miwili" msikilizaji anafikiria miaka 20, kumbe mkulima wa zamani alikuwa na maana ya siku 20, na kwa hesabu hiyo alijua lini atie mpunga shambani. Mvuvi naye aliitumia kuzijua pepo, kusi na kaskazi.

Sasa, mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo. Kalenda ya kizungu huilipa robo hiyo kwa Februari ya siku 29. Miongo hailipi deni. Kwa hiyo Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka 4, yaani siku 24 hivi kwa karne. Enzi za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar aliyetawala 1870 hadi 1888, ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti.

Hesabu hii ina raha yake, maana wiki 52 ni siku 364 na inabaki moja. Nairuzi ikiwa Jumatano mwaka huu, mwakani ni Alhamisi. Huhitaji karatasi.

Na "kogwa"? Ni koga, ambako wengine wanasema kuoga: mwaka unakogwa, na watu huenda kukoga baharini. Ila kinachojaza watu Makunduchi, huko Kusini Unguja, ni mapigano ya kwenye uwanja wa Kae Kuu. Wanaume wa pande mbili wanatwangana kwa mashina ya migomba, wanawake wanaimba na hawamwachi mtu, halafu kibanda cha makuti kinatiwa moto na aliyemo ndani anachomoka mbio. Kinyongo cha mwaka mzima kinatakiwa kiishie hapo.

Ukienda, usibebe chakula. Nyumba iliyokosa mgeni siku hiyo inaonekana ina nuksi, kwa hiyo utaitwa ule hata na usiowajua.