Maji mekundu ya Florida: maswali na majibu kwa wanaovua kwa mshipi

Haya ni kwa ndugu zetu wanaoishi pwani ya magharibi ya Florida, au wanaokwenda kutembelea jamaa huko, na wanaopenda kushinda darajani au mashuani na mshipi mkononi. Sisi tuliokulia pwani tumezoea kuisoma bahari kwa macho na kumjua samaki kwa kumfunua mashavu. Ujuzi huo ni mali. Kwa maji mekundu, hata hivyo, hautoshi, na watu wameugua kwa kuutegemea peke yake.

Maji mekundu ni kitu gani hasa?

Ni mwani mdogo mno, wa chembe moja, usioonekana kwa macho. Kitaalamu unaitwa Karenia brevis, jina lililotolewa kwa heshima ya Karen Steidinger, mtafiti wa Florida aliyeuchunguza kwa miaka mingi. Siku za kawaida umo katika Ghuba ya Meksiko kwa uchache, chembe 1,000 au pungufu kwa lita ya maji. Kuna miaka unazaana mno huko nje, kilomita 15 hadi 65 kutoka ufukoni, kisha upepo na mikondo inauleta pwani, mara nyingi kuanzia mwezi wa Agosti au Septemba. Ukishafika karibu, mbolea na majitaka yanayotiririka kutoka nchi kavu yanaweza kuushibisha ukazidi.

Mwani huu una sumu iitwayo brevetoksini, inayovuruga mishipa ya fahamu ya samaki na ya binadamu. Na jina lisikupoteze: maji yanaweza kuwa ya kahawia, ya kijani, au yakaonekana safi kabisa huku sumu imo.

Uvuvi unabadilika vipi?

Dalili ya kwanza mara nyingi utaiona ndani ya chombo chako mwenyewe, kwenye tangi la chambo. Umenunua dagaa hai alfajiri, wanazunguka vizuri, pampu inavuta maji ya bahari na kuyamwaga upya. Unatoka kwenye mkondo, unakwenda nje kidogo. Mara dagaa mmoja anaanza kuogelea kichwa chini. Wa pili anapinduka, tumbo jeupe juu. Baada ya dakika chache wote wako upande, midomo wazi. Usidhani uliuziwa chambo kibovu. Pampu yako imewavutia sumu. Zima pampu, kunja mshipi, ondoka eneo hilo.

Kinachowapata dagaa wale ndicho kinachowapata samaki wa nje. Sumu inapita kwenye mashavu, samaki anapoteza mizani, anashindwa kupumua. Maelfu ya mizoga wakianza kuoza, hewa ndani ya maji nayo inapungua, na hapo wanakufa hata wale wa chini kabisa: chewa, kaa, mikunga. Mlipuko wa mwani ulioanza Oktoba 2017 ulidumu hadi mwanzoni mwa 2019. Mwezi wa Julai 2018 papa potwe wa karibu mita 8, jamaa yake yule tunayemjua Mafia, alikutwa amekufa ufukweni Sanibel, na vipimo vikaonyesha sumu hiyo mwilini mwake. Agosti ile gavana alitangaza hali ya dharura, na idara ya wanyamapori ya jimbo ikaagiza kwamba katika maeneo yaliyoathirika, samaki aina ya snook na redfish akivuliwa arudishwe majini akiwa hai. Kwa hiyo ukiambiwa na mwenyeji kwamba mwaka fulani usichukue samaki wa aina fulani, si roho mbaya. Bahari inapewa nafasi ijaze tena.

Mwani huu haupendi maji yenye chumvi kidogo. Ndiyo maana wavuvi wa huko, nje kukiharibika, hupanda mtoni na kwenye vijito vya mikoko, wanakokimbilia samaki pia. Na mlipuko hauenei sawasawa kama zulia. Unakaa mabaka mabaka, ghuba moja imejaa mizoga na ya jirani samaki wanakula vizuri tu.

Nimemvua akiwa hai, anarukaruka. Naweza kumla?

Samaki aliyekula ndoana kwa nguvu zake, mzima, asiye na dalili ya kulewa, nyama yake inaruhusiwa kuliwa. Idara ya afya ya Florida inasisitiza namna ya kumtayarisha: toa minofu, suuza kwa maji safi, na kila kilichomo tumboni tupa. Sumu hujikusanya kwenye matumbo na ini, si kwenye mnofu.

Hapa nawaomba sana tusikilizane, kwa sababu sisi ni watu wa samaki mzima. Tunampasua, tunamwachia mayai, wengine wanapenda ini, na kichwa ndiyo mchuzi wenyewe. Wakati wa maji mekundu acheni hayo. Minofu tu. Na samaki uliyemkuta anaelea, au anayeyumba juu ya maji mpaka unamwokota kwa mkono, huyo si riziki hata kama mashavu yake bado ni mekundu na jicho linang'aa. Vipimo vyetu vya samaki freshi vinaonyesha amekufa lini. Havionyeshi amekufa kwa nini.

Na chaza, kome na kombe?

Hapana. Hao ndio hatari kuliko wote, kwa kuwa wanachuja maji mchana na usiku na sumu inabaki ndani yao, huku wao wenyewe hawafi wala hawabadiliki ladha. Jimbo hufunga maeneo ya kuvuna chembe zinapozidi 5,000 kwa lita, kiwango ambacho jicho lako haliwezi kuona chochote majini. Wanaouzwa dukani au hotelini kutoka kwa wafugaji wenye leseni hukaguliwa. Usile wa kuokota mwenyewe wala wa kupewa na jirani aliyeokota.

Kamba na kaa nyama yao inalika. Ule ute wa kijani ndani ya kaa, uache.

Tukitia ndimu na kukaanga mpaka akauke?

Haisaidii. Moto hauiui sumu hii, wala barafu, ndimu, siki au chumvi. Haina harufu wala ladha.

Mbona nimekohoa bila hata kugusa maji?

Chembe za mwani huu ni laini. Mawimbi yakipiga ufukoni zinapasuka, sumu inapanda hewani pamoja na matone ya chumvi, na upepo unakuletea. Unahisi koo linawasha kama mtu aliyekaanga pilipili chumba cha pili: unakohoa, unapiga chafya, macho yanatoka machozi. Mwenye afya njema akiondoka ufukweni kwa kawaida hupata nafuu upesi.

Mwenye pumu ni jambo jingine. Kwake saa moja tu ufukweni inaweza kubana kifua, na athari ikabaki hata baada ya kurudi nyumbani. Mwenye pumu au ugonjwa wa mapafu asiende siku hizo, hata kwa dakika chache za kupiga picha. Akijikuta huko, atumie dawa yake ya kuvuta, aondoke, na kifua kisipofunguka aende hospitali.

Nitajuaje kwamba nimekula sumu?

Dalili huanza ndani ya dakika hadi saa chache: midomo na ulimi kufa ganzi, vidole kuchoma, kizunguzungu, kutapika, kuharisha, miguu kukosa nguvu. Kuna moja ya ajabu inayosaidia kuitambua, nayo ni baridi kuhisiwa kama moto. Mtu anashika glasi ya maji ya barafu anasema inamuunguza. Haina dawa maalumu ya kuifuta, lakini hospitali wanasaidia kupumua na kurudisha maji mwilini, na wengi hupona katika siku chache. Piga 911 kama kupumua kuna shida. Kwa ushauri wa sumu, ndani ya Marekani namba ni 1-800-222-1222, saa zote. Waambie ulikula nini, wapi na saa ngapi.

Kwetu yapo?

Milipuko ya mwani ipo, ingawa si lazima uwe mwani huu. Wenye jamaa Muscat watakumbuka ule wa 2008 hadi 2009: aina nyingine, Cochlodinium, iliua samaki kwa wingi na kulazimisha mitambo ya kusafisha maji ya bahari kufungwa. Msichukue kanuni za Florida mkazitumia kila bahari. Sumu hutofautiana.

Kabla ya kutoka nyumbani niangalie nini?

Ramani ya vipimo vya maji ya idara ya wanyamapori ya Florida, FWC, na utabiri wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, unaoonyesha hali ya hewa ya kupumua ufuko kwa ufuko. Halafu angalia upepo. Upande ule wa Florida, upepo wa magharibi unatoka baharini na kuleta kikohozi, na wa mashariki, yaani umande wa kwao, unakirudisha nje.

Tumeshafika na watoto na mbwa, upepo umegeuka. Tufanye nini?

Mbwa mfunge kamba kwanza, kwa sababu atakimbilia mizoga, na akila atatapika na kutetemeka. Watoto wasishike samaki waliotupwa na mawimbi, miba yao inachoma. Kila mtu aoge maji yasiyo ya chumvi na kubadili nguo. Ingieni garini, pandisheni vioo, washeni kiyoyozi kikizungusha hewa ya ndani. Kisha nendeni mkavue mbali na bahari, kwenye ziwa la maji baridi mkiwa na leseni yake. Mshipi ni ule ule.