Fundi wa Magari wa Jeshi na Uhandisi wa Uraiani: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: gari la jeshi ni imara, kwa hiyo fundi wake hana kazi kubwa.

Maadui wawili wa gari hilo ni kukaa bila kutumika na kunguruma bila kutembea. Lori linaweza kulala bandani miezi kadhaa, kisha likatakiwa barabarani kwa taarifa ya saa chache. Kumbe muda huo wote betri imekuwa ikipoteza chaji na sahani zake kushika salfeti, yaani ukoko unaozuia chaji. Sili za mpira zimekauka. Maji yamejikusanya chini ya tangi la dizeli na kuotesha vijidudu vinavyoziba filta, na matangi ya breki za upepo yameingia unyevu. Likifika mazoezini, injini hunguruma saa nyingi mahali pamoja ili redio zipate umeme, na mita ya kilomita haisogei. Ndiyo maana sevisi hupangwa kwa saa za injini na kwa kalenda pia. Anayezitegemea kilomita peke yake atabadilisha oili akiwa amechelewa sana.

Ujuzi huu una kazi kubwa uraiani, hasa kwenye jenereta za akiba. Jenereta ya dizeli ikiendeshwa muda mrefu chini ya takriban asilimia 30 ya uwezo wake, silinda hazipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na majimaji meusi huanza kuchuruzika kwenye bomba la moshi. Wengi hukimbilia kubadilisha noseli zinazopulizia mafuta. Anza kwa kuipa mzigo wa umeme wa majaribio mpaka moshi upate joto na masizi yaungue, ndipo upime tena.

Dhana: ufundi wa jeshi ni kukaza mpaka nati ilie.

Bolti hushika kwa sababu imevutika kidogo, kama springi. Karibu asilimia 90 ya nguvu unayotia kwenye spana humezwa na msuguano wa nyuzi na wa uso wa nati. Kinachobaki ndicho kinachoivuta bolti. Ukipaka oili nyuzi zilizokusudiwa kukazwa kavu, halafu ukatumia kipimo kilekile cha toki (nguvu ya kukazia), utaivuta kupita kiasi na inaweza kukatika. Kwa hiyo soma kitabu cha mtambo: kipimo hicho ni cha nyuzi kavu au zenye oili? Kwa nati za gurudumu, ondoa kutu na rangi kwenye sehemu zinazogusana, kaza kwa kuvuka upande hadi upande, kisha rudia kwa spana ya toki baada ya kilomita 50 hadi 100, kwani mkazo wa mwanzo hupungua sehemu hizo zinapokaa sawasawa.

Hapa kuna hatari ambayo kila fundi anapaswa kuiheshimu. Magari mengi ya kijeshi yana rimu za vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti. Kabla ya kugusa nati yoyote, toa sindano ya vali upepo wote utoke, kisha pitisha waya kwenye vali kuhakikisha haijaziba. Kuna mafundi waliokufa kwa kufungua nati za rimu wakidhani ni za gurudumu.

Dhana: kwenye gari la volti 24 unaweza kuchukua volti 12 kutoka betri moja.

Betri hiyo itashuka, lakini alterneta inaziona betri zote mbili za volti 12, zilizoungwa mfululizo, kama kitu kimoja na kuzichaji kwa takriban volti 28. Iliyoshuka haijai, mwenzake huchajiwa kupita kiasi na kukauka maji. Mwishowe zote hufa. Tumia kipunguza volti.

Dhana: cheo cha juu karakanani kinakufanya mhandisi uraiani.

Hakikufanyi. Makubaliano ya kimataifa ya kutambua elimu ya uhandisi hutazama masomo: ya Washington ya 1989 ni ya wahandisi, ya Sydney ya 2001 ni ya wanateknolojia, na ya Dublin ya 2002 ni ya mafundi sanifu. Nyota na mikanda ya begani havimo.

Lakini wanaosema miaka ya jeshi haihesabiki nao wanapotosha, na wamewakatisha tamaa mafundi wazuri. Vyuo na bodi nyingi zina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Zinachotaka ni ushahidi. Kadi za sevisi ni mali ya jeshi, huruhusiwi kuondoka nazo, basi kabla ya kustaafu omba uthibitisho wa maandishi wa kozi, saa za mafunzo na aina za mitambo. Kisha eleza kazi kwa namna inayoonyesha fikra. “Nilitengeneza injini za malori” haisemi kitu. Andika hivi: sampuli ya oili ilionyesha silikoni na chuma vikipanda pamoja, ukaguzi ukakuta mpasuko kwenye hosi baada ya chujio la hewa, vumbi likiingia, hosi na klipu zikabadilishwa, sampuli iliyofuata ikawa ya kawaida. Hapo msomaji anaona dalili, kipimo, chanzo na matokeo.

Dhana: mwenye mazoezi ya kutosha hahitaji hesabu.

Kila fundi wa uokoaji wa magari anajua kwamba minyororo iliyolala ni hatari. Hesabu humwambia ni hatari kiasi gani. Injini ya tani 4 ikinyanyuliwa kwa minyororo miwili iliyo nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja hubeba takriban tani 2.3. Pembe ikishuka hadi nyuzi 30, kila mmoja hubeba tani 4, yaani uzito wote wa injini. Mnyororo wa tani 3 uliotosha jana kwenye kazi ileile leo hautoshi, na mhandisi anayeweka saini kwenye mpango wa unyanyuaji lazima aandike pembe hiyo.