Japan Bowl sio ya watoto wa anime (katuni za Kijapani) tu: dhana potofu na ukweli

Mpwa wangu anasoma Kijapani sekondari huku Marekani, mwaka wa tatu sasa, na tangu aingie timu ya Japan Bowl shuleni kwao nimesikia maneno mengi mno kwa wazazi wenzetu, mengine yanavunja watoto moyo kabisa, kwa hiyo leo nayasema.

Kwa msioijua, Japan Bowl ni mashindano ya wanafunzi wa sekondari wanaojifunza Kijapani, yalianzishwa na Japan-America Society ya Washington DC mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ya kitaifa kwa kawaida yanafanyika huko huko majira ya kuchipua, msimu wa maua ya sakura, ile miti ambayo jiji la Tokyo liliwazawadia Wamarekani mwaka 1912.

Dhana: "Kama mzazi wako sio Mjapani hutoboi."
Hapana jamani. Timu zinagawanywa kwa madaraja, la II, la III na la IV, kufuatana na mtoto kasoma lugha kwa kiwango gani, na kuna masharti kwa wale waliokulia kwenye Kijapani nyumbani, ili aliyeanzia salamu ya "konnichiwa" darasani asipangwe na aliyezaliwa na lugha hiyo. Halafu hauendi peke yako, ni timu ya wawili au watatu, mmoja mkali wa kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, mwingine historia, wanabebana.

Dhana: "Ukiangalia anime sana inatosha."
Haitoshi. Utaulizwa mambo ya Meiji mwaka 1868, yale mageuzi yaliyomrudishia mfalme wa Japani madaraka, chakula, sherehe, siasa za sasa, ramani. Anime inakupa hamu tu, na hamu ni kitu kizuri, ila usiishie hapo.

Dhana: "Mtoto wa Kiswahili anaanzia nyuma kuliko wenzie."
Hii ndio inaniuma zaidi, manake ni kinyume kabisa. Kwanza irabu zao ni tano, a i u e o, karibu sawa na zetu, na maneno yao mengi yanaishia na irabu kama yetu, kwa hiyo mtoto anasoma "sakana" bila kuumauma ulimi. Tahadhari iko kwenye kuvuta sauti tu: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi, ukikosea hapo umemzeesha shangazi wa watu.

Halafu kuhesabu! Wenzie darasani walilia na hili somo. Kijapani hausemi "tatu" ukamaliza, penseli tatu ni sanbon, karatasi tatu ni sanmai, paka watatu ni sanbiki, kila aina ya kitu na hesabu yake. Mpwa wangu akaniambia, anko, si ndio ngeli hizi? Nikamwambia sasa je, sisi tunasema miti mitatu, vitabu vitatu, paka watatu, nani anashangaa? Sio kitu kile kile moja kwa moja, wao wanaangalia zaidi umbo, kirefu chembamba au bapa, lakini akili ya kukubali kwamba namba inafuata kitu alishakuwa nayo tangu anajifunza kuongea kwa mama yake.

Na tanakali sauti nazo, ambazo Kijapani kimejaa: mvua kubwa ni zaa zaa, ya rasharasha ni shito shito, mtu anayeongea lugha kwa ufasaha ni pera pera. Mtoto aliyekua anasikia "kaanguka pu!" na "katumbukia chubwi!" hawezi kuona hayo ni maajabu.

Dhana: "Ni sawa na mtihani wa JLPT."
Hivi ni vitu viwili. JLPT ni mtihani wa cheti cha kiwango cha Kijapani, ngazi tano, N5 mpaka N1, na wala haupimi kuongea. Mtoto anaweza kufanya vyote, lakini asiache timu eti kwa sababu haimpi cheti cha N yoyote.

Sasa hivi kilichobaki kumsumbua ni mikoa 47 ya Japani. Ramani kaibandika kwenye mlango wa friji, kila anayekuja kuchukua maji anaulizwa mmoja, na jana alikwama tena palepale, Tottori na Shimane, ipi iko mashariki. Ni Tottori. Hata dada yangu anajua sasa.