Je, wajua mafundi wanaojenga mifupa yako hawatoki ukoo mmoja?

Mtazame mtoto mchanga utosini anaponyonya. Pale laini panapodunda hapajapata mfupa bado. Pana utando tu, na kwenye kingo zake seli zinausogeza mfupa mbele kidogo kidogo, mpaka utosi ufunge, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Wataalamu huziita osteoblasti. Mimi naziita mafundi. Je, mafundi hawa wametoka wapi?

Hawazaliwi wakiwa mafundi. Kwenye kiinitete huanza kama seli changa zisizo na kazi maalumu, ambazo zingeweza pia kuwa gegedu. Tena hawana ukoo mmoja. Wale wa mikono na miguu hutokana na tabaka la kati la kiinitete, lile linalozaa misuli pia. Wale wa taya na sehemu kubwa ya uso huhama kutoka ukingoni mwa bomba la neva, bomba ambalo baadaye huwa ubongo. Wenzao waliotoka ukingo huohuo huishia kuwa seli zinazotia ngozi rangi. Yaani kwa asili, mfupa wa taya yako uko karibu zaidi na weusi wa ngozi yako kuliko na mfupa wa paja lako! Hili nililisoma mara mbili ndipo nikaliamini.

Anayeipa seli ufundi ni jeni iitwayo RUNX2. Mwaka 1997 watafiti walieleza habari za panya waliozalishwa bila jeni hiyo kabisa: walizaliwa na kiunzi cha gegedu tupu, wakafa punde kwa kushindwa kupumua. Sisi binadamu tuna nakala mbili za jeni hiyo. Ikiharibika moja, mifupa hujengeka, ila kwa kasoro. Mtu wa namna hiyo huweza kukosa mitulinga, akayakutanisha mabega yake mbele ya kifua kama anayekunja kitabu. Na utosi wake? Huchelewa mno kufunga, pengine usifunge kabisa.

Kazi yenyewe inafanana na kukandika nyumba ya udongo. Fundi hutandaza kwanza nyuzi za kolajeni, ndizo fito, kisha madini ya kalsiamu na fosfeti hujaa katikati. Ila fundi huyu ana kituko chake: baadhi yao hujikandika wenyewe ndani ya ukuta. Hawafi humo. Hubadilika kuwa osteositi, wakaishi miaka mingi, wakishikana kwa vijimkono vinavyopita kwenye vitundu vyembamba na kuhisi uzito ambao mfupa unabeba. Wengi wa waliobaki nje hufa kazi ikiisha, na wachache hulala bapa juu ya mfupa.

Ukubwani akiba ya mafundi hukaa kwenye uboho, jambo ambalo mtafiti Alexander Friedenstein na wenzake walilichunguza huko Moscow kuanzia miaka ya 1960. Akiba nyingine iko kwenye ule utando mwembamba unaong'ang'ania mfupa wa mbuzi unapoutafuna. Mtu akivunjika mguu na kufungwa hogo, wengi wa wanaouunga huo mfupa hutoka kwenye utando huo.

Wapo pia wabomoaji, osteoklasti, wanaokula mfupa mkongwe ili mpya upate nafasi. Hao si ndugu wa mafundi hata kidogo. Ni wa ukoo wa damu, binamu wa chembe nyeupe zinazomeza vijidudu.