Si kweli kwamba mtelezaji wa Uturuki alikwenda Olimpiki kwa hisani

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: eti Uturuki ni nchi ya joto, haina barafu, hivyo mwanamke aliyeiwakilisha katika kuteleza kwenye barafu kwa mitindo, Olimpiki ya majira ya baridi ya Torino 2006, alipewa nafasi ya kujaza orodha tu.

Hali ya hewa haihusiki. Mchezo huu huchezwa ndani ya ukumbi. Chini ya sakafu hupita mabomba ya kimiminika baridi, na juu yake maji hugandishwa hadi unene wa sentimita chache. Tena Erzurum, mashariki mwa Uturuki, iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na theluji huko ni ya kila mwaka. Wengi huchanganyikiwa kwa sababu Uturuki wanayoijua ni ya picha za fukwe.

Nafasi ya Olimpiki hupatikana barafuni. Nyingi hugawiwa kwa matokeo ya mashindano ya dunia ya mwaka uliotangulia, na zinazobaki hushindaniwa miezi michache kabla ya michezo. Ukifika, unacheza programu fupi kwanza, yaani onyesho fupi la kuteleza kwa muziki. Ni 24 bora tu wanaoendelea na programu ndefu. Mturuki huyo alivuka mchujo huo, akamaliza wa 21.

Ukiupokea ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze. Fungua jedwali la matokeo la 2006, upande wa wanawake, utazame safu ya programu ndefu: aliyechujwa hana alama hapo. Mturuki huyo anazo.