Husuni Kubwa ya Kilwa si ngome, wala Wareno hawakuijenga

Ukimwonesha mtu picha ya Husuni Kubwa, zile kuta za mawe zilizobomoka katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mara nyingi atakuambia: ngome ya Wareno hiyo. Sivyo. Ngome ya Wareno ni Gereza, lile jengo unaloliona ufukweni ukivuka kutoka Kilwa Masoko. Waliijenga mwaka 1505, wakaihama 1512, na sehemu kubwa ya kinachosimama leo ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye sana. Husuni Kubwa ni jumba la Sultani, nayo iko upande wa mashariki, nje ya mji wa kale, juu ya jabali linalotazama bahari. Ilikuwepo zaidi ya miaka 150 kabla Wareno hawajaijua njia ya kuja huku. Mwenye nyumba alikuwa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala takriban 1310 hadi 1333, na jina lake lilikutwa kwenye maandishi ya mawe humo humo ndani, katika uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick miaka ya 1960.

Wanaojua kwamba jumba hili halikujengwa na Wareno husema basi wao ndio waliolibomoa. Ni kweli Francisco de Almeida, kiongozi wa meli za Wareno, aliuvamia na kuupora mji wa Kilwa mwaka 1505, na dhuluma ile isisahaulike. Lakini jumba hili lilikuwa limekwisha hamwa siku nyingi. Dalili ni kwamba halikukaliwa kwa muda mrefu, na zipo sehemu ambazo mafundi hawakuzimaliza. Kila gofu la pwani tukimpa Mreno, tunaifuta historia yetu wenyewe, ya watawala waliojenga, wakashindwa kuendeleza, wakahama.

Dhana nyingine ni kwamba lilikuwa jumba la starehe tupu. Starehe ilikuwepo: vyumba zaidi ya 100, kuba, ua wa baraza, na hodhi la kuogea lenye pande nane ambalo umbo lake bado linaonekana vizuri. Lakini nenda upande wa kusini. Kuna ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vinavyofanana, na wataalamu wengi wanaviona kuwa ghala za bidhaa. Sultani huyu alikuwa mfanyabiashara. Kilwa ilishika biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, na sarafu yake ya shaba imeokotwa hadi kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini. Mali na makao vilikaa chini ya paa moja.

Wengine hudai kwamba Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alilala katika jumba hili akalisifu. Alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji, lakini katika maelezo yake hakuna neno hata moja juu ya Husuni Kubwa. Alichokiandika kwa kirefu ni ukarimu wa Sultani, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, Sultani akitoka kuswali, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe akazichukua tena kwa yule fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akamwongezea watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hadithi hii husimuliwa kama sifa tu, na hapo ndipo inaponikera. Watu ishirini walitolewa zawadi mchana mmoja, na hakuna aliyeandika jina la hata mmoja wao. Hao nao ni watu wa Kilwa ile, sawa na Sultani. Alipokufa akarithiwa na ndugu yake Daud, ambaye ombaomba akimjia alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha kitu.

Kuhusu wajenzi, bado wapo wanaoamini kwamba kazi kama hii lazima iliagizwa kutoka ng'ambo. Ukoo wa Mahdali ulikuwa na asili ya Yemen, na baadhi ya mitindo inafanana na ya nchi za Kiislamu za kaskazini. Kuta zenyewe lakini ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, ufundi ambao watu wa pwani walikuwa wakiufanya kwa vizazi kabla ya Sultani huyu.

La mwisho ni kuamini kwamba magofu sasa yako salama. UNESCO iliyaweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 ikayaingiza pia kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na 2014 ikayaondoa humo baada ya kazi ya ukarabati. Kuondolewa huko hakukuyazuia mawimbi kula ufukwe, wala mizizi kupenya kwenye kuta. Chokaa inahitaji kukarabatiwa kila baada ya misimu ya mvua, na kazi hiyo inataka mafundi na fedha za kudumu.