Usiku wa Mji Mkongwe: angalia baraza kabla ya kuangalia taa

Wageni ninaowatembeza Mji Mkongwe, wawe wametoka Dodoma, Mombasa au Muscat, huniuliza jambo moja kabla hata ya kufungua mabegi: usiku tunaweza kutoka? Nawajibu watoke. Aliyeiona Zanzibar mchana tu bado hajaiona. Lakini usiku wake una namna ya kusomwa, na asiyeijua huogopa vichochoro visivyo na neno, kisha akajiachia pale hasa panapotaka uangalifu.

Mimi nasoma baraza. Nyumba nyingi za zamani hapa zina baraza za mawe za kukalia zilizojengwa pamoja na ukuta, na baada ya sala ya Isha ndipo zinapojaa: wazee na kahawa yao chungu, vijana na simu zao, mama mmoja mlangoni anauza kachori. Hao wanamjua nani ni wa mtaani, nani mpita njia na nani anazungukazunguka bila shughuli. Kichochoro cha Kiponda chenye giza lakini kina watu watatu barazani nakiamini kuliko barabara pana yenye taa na haina mtu.

Ndiyo maana nawasisitizia sana wageni wangu salamu. Ukipita, punguza mwendo, mtazame mtu usoni, sema "Asalaam alaykum" au "Habari za jioni". Wakishaitikia, umekwisha kuwa mgeni wao. Likikukuta lolote hatua chache mbele, hao hao ndio watakaoinuka. Anayepita kimya na macho chini hakuna anayemkumbuka, na mtu mwenye nia mbaya analiona hilo upesi kuliko wewe.

Saa nazo zina maana. Jua hapa huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima. Kuanzia hapo mpaka saa nne, Forodhani (bustani ya pwani panapouzwa vyakula usiku), Shangani, njia ya Gizenga na Jaws Corner zina watu wa kutosha. Ikikaribia saa tano baraza zinaanza kuachwa, milango inafungwa, na njia uliyoipita ukicheka si ile tena. Wakati huo simpitishi mgeni vichochoroni hata kama hoteli yake iko karibu; tunatoka barabara kubwa, tunachukua teksi inayojulikana na hoteli. Mwezi wa Ramadhani hesabu inageuka kabisa. Magharibi, watu wakiwa wanafuturu, mitaa inakuwa mitupu kama usiku wa manane. Baada ya tarawehe mji unafumka, na kuna wanaokesha mpaka daku.

Ramani ya simu isikudanganye. Kuta ni ndefu na njia ni nyembamba, kwa hiyo alama yako kwenye ramani huruka kutoka mtaa hadi mtaa. Mgeni anasimama katikati ya njia, uso umemulikwa na kioo cha simu, anageuka kushoto, anageuka kulia. Papasi, yaani kijana anayewavizia wageni njiani awaongoze, hangojei kingine. "Kaka, umepotea? Uko hoteli gani? Njoo nikuoneshe." Wengi wao wanatafuta bakshishi tu au kamisheni ya duka, sitaki kuwachafulia jina wote. Hata hivyo usitaje hoteli yako na usimfuate. Mwambie "Ahsante, nimeshafika", ingia duka lolote lililo wazi, umuulize mwenye duka. Mwongozaji halali ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii na haoni vibaya kukionesha.

Unapouliza njia, uliza Darajani au Forodhani. Hata mtoto atakuelekeza. Mji umekaa kama rasi: magharibi bahari, mashariki Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado tunaiita Creek Road. Ukishika uelekeo mmoja usiyumbe, muda si mrefu utatokea penye watu.

Kuna kipande kimoja ambacho sina mjadala nacho, nacho ni ufukwe wa kati ya Forodhani na Shangani giza likishaingia. Unaonekana ni njia ya mkato na upepo wake ni mzuri, lakini hauna baraza wala mlango wa kugonga, na bahari ikijaa unabaki na mchanga mwembamba chini ya ukuta. Zunguka kwa juu.

Simu ishike mkono wa upande wa ukuta, maana vespa na bodaboda hupita hadi ndani ya mitaa. Chukua na tochi ndogo, kwa sababu umeme ukikatika utalazimika kuitoa simu ili uone njia, na hapo ndipo inapokwapuliwa. Pale Forodhani uliza bei kabla samaki hajarudi jikoni, na pweza aliyekaa mezani tangu alasiri mwache.

Dada zangu mnaotembea wenyewe, kanga begani hupunguza mengi. Mtu akikung'ang'ania, nenda moja kwa moja walipokaa akina mama, keti nao. Hutahitaji kueleza; watamfukuza wao.

Ukiporwa, usimkimbize mtu kichochoroni. Omba msaada kwa sauti, lakini fikiri kabla ya kupiga yowe la "mwizi", kwani umati ukikusanyika unaweza kumuua mtu kwa sababu ya simu, pengine hata siye. Azima simu ya aliye karibu, ufunge laini kwanza, kwa kuwa pesa zako za simu zimo humo. Kisha piga 112, au nenda kituo cha polisi na mwenyeji wa hoteli mkachukue RB, yaani namba ya taarifa yako ya polisi. Mwenye bima ya safari ataihitaji, na ni rahisi kuipata usiku huo huo kuliko siku ya kuondoka, boti ikiwa bandarini.